Mpaka Aishiwe Vya Kurusha

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, msichana wa chuo cha utalii alipewa fulana ya kijani iliyomfika magotini, kitambaa, na kopo la dawa ya kufutia vioo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta sanduku la kioo lililokaa katikati ya Kituo cha Wageni. Ndani ya sanduku mlikuwa na bwawa zima kwa udogo wake: milima ya plasta, ukuta wa bwawa mwembamba kama kiberiti, pamba iliyopakwa kijani ili iwe miti, na maji ya gundi ya bluu ambamo nzi mmoja alikuwa amenasa siku nyingi. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza jina. Wanafunzi huja na kuondoka kila likizo ndefu, na wote pale huitwa Mafunzo. Mafunzo, lete ufagio. Mafunzo, wageni hao. Kufikia saa ya chai alikuwa ameshazoea kugeuka.

Bwawa lenyewe lilikuwa nje ya dirisha, kubwa kuliko lilivyohitajika kwa macho ya mtu mmoja. Liliupa mji maji ya bomba, lakini hayo hayakumhusu Meneja. Yeye aliajiriwa kwa ajili ya burudani: mashua za kupiga pedali zenye shingo za bata, viti vya kukodi, friji ya aiskrimu, na maelezo kwa wageni. Maelezo aliyaandika mwenyewe, na kwa miaka yalikuwa yakitoka kwenye kanda kupitia kipaza sauti cha gatini, pale zinapofungwa mashua, mpaka unyevu ulipoila kanda ikabaki inakoroma. Ndiyo maana safari hii akataka mtu mwenye mdomo.

"Neno kwa neno," alimwambia Mafunzo akimkabidhi kadi yenye ganda la plastiki. "Ukiongeza la kwako, nami nina alama zangu."

Alama hizo zilikuwa si mchezo. Bila sahihi ya Meneja, chuo kisingempa Mafunzo cheti, na bila cheti angerudi kuuza vocha za simu kwa mjomba wake, mtu ambaye hata kukohoa kwako alikuona ni uvivu.

Maelezo yalianza kwa kuwakaribisha wageni. Yakafuata urefu wa ukuta. Kisha ikaja sentensi hii: Kabla ya maji, bonde hili halikuwa na mtu. Baada ya hapo ni samaki mwanzo mwisho.

Mafunzo aliisoma sentensi ile mara mbili, kwa sababu Bibi, aliyemlea, alizaliwa bondeni humo humo na hakuna siku iliyopita bila yeye kulitaja. Lakini mtu hubishana na Meneja baada ya kupata alama, si kabla. Basi akasimama gatini mbele ya wageni wa kwanza, akasema neno kwa neno kwamba kabla ya maji bonde hili halikuwa na mtu, na maji yakacheua, kikaibuka kigoda.

Nahodha, mtunza mashua, alikivuta kwa upondo. Aliitwa Nahodha kwa sababu hakuwahi kusafiri mbali zaidi ya maboya mekundu. Alikikung'uta kigoda, akakiweka pamoja na kofia na miwani iliyosahauliwa na wageni.

"Endelea," akasema.

Mafunzo akaendelea na samaki.

Kundi la mchana likapata mwiko. Kesho yake ukaja mfuniko wa sufuria, tena ulirushwa kwa nguvu kidogo, ukampiga bata mmoja shingoni akapinda. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mama mmoja aliuliza kama huwa hivyo hata siku za mvua, Nahodha akajibu kwamba mvua haijanyesha tangu vitu vianze kuibuka, hivyo hawezi kusema.

Jioni Mafunzo alimkuta Bibi ukumbini akichambua maharage, akamsimulia. Bibi hakuinua macho kwenye ungo.

"Hicho kigoda, mguu mmoja umefungwa waya?"

"Umefungwa."

"Changu. Na anayekirusha namjua."

Halafu akasema yale ambayo Mafunzo aliyajua nusu. Siku ya kuhama waliletewa malori. Babu, fundi wa milango, alimpakia mkewe na mtoto, akasema tangulieni nakuja, acha nifungue bawaba za mlango, mbao hii siiachii samaki. Wiki nzima ilikuwa bado imebaki kabla ya mto kufungwa na bonde kujaa maji. Lakini mgeni rasmi wa sherehe ya kuzindua bwawa alipata safari, sherehe ikawahishwa, na mgeni rasmi akabonyeza kitufe huku bendi ikipiga. Babu alikuwa bado kwenye bawaba ya pili.

"Wakubwa wakaja kuuliza baadaye," Bibi alisema. "Wakaona kwamba kama kulikuwa na mtu, basi kuna waliomfungia maji. Sasa nani akubali hilo? Ikaonekana afadhali hakukuwa na mtu."

Aliokota jiwe dogo kwenye maharage akalitupa nje ya mlango. Alisema hakumlilia Babu sana, alimkasirikia. Miaka yote hiyo ana maneno yake yamekaa hapa, akagusa koo, na mwenye kuambiwa yuko chini ya maji anastarehe. Kisha akasema polepole kwamba kumkosa anamkosa, asidanganyike mtu, na kwamba kitanda kikubwa ni kitu kibaya.

"Babu yako hajawahi kumwachia mtu neno la mwisho," akaendelea. "Ukimwambia hayupo, lazima akujibu. Wewe mwambie tu. Kila siku. Akiishiwa vya kurusha, atapanda mwenyewe."

"Lakini Bibi, kanda imesema hivyo miaka yote."

"Kanda ina babu?"

Mafunzo akakiri kwamba kanda haina babu.

"Na ni uongo, Bibi."

"Uongo ni wao, mume ni wetu. Mchokoze, mke mwenza."

Basi Mafunzo akamchokoza. Asubuhi na mchana alisimama gatini akamwambia babu yake kwamba hayupo, na babu yake akamjibu kwa kilichokuwa karibu na mkono. Yalikuja mabakuli. Kilikuja kitana, ikaja taa ya mafuta, ukaja mguu wa kitanda, na baada ya chakula cha mchana ukaja wa pili. Siku moja Mafunzo alikuwa na mafua, sentensi ikatoka kwa sauti ya puani, na Babu akarusha ndala moja tu.

Meneja alipoona foleni ya tiketi imefika kwenye maegesho, alipanga saa maalumu za kuibuka kwa vitu na kuzibandika getini. Vitu vyenyewe akavipanga kwenye rafu nyuma ya friji ya aiskrimu, kila kimoja na kibandiko chake: Kigoda, asili haijulikani. Kitana, asili haijulikani. Alikuwa mtu wa suruali zilizopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na hakuwa mbaya. Kila alipoulizwa jambo gumu alisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, kisha akampa muulizaji soda baridi.

Kinu kilipoibuka, Bibi alivumilia siku moja, ya pili akaja mwenyewe kukidai. Kinu hicho alipewa na mama yake.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwonyesha tangazo la getini, ambalo liliwekwa zamani kwa ajili ya miwani na viatu: Kitakachoopolewa majini ni mali ya Bwawa.

"Na hata lisingekuwepo tangazo, mama yangu," akasema kwa upole, "bonde lilikuwa tupu. Kinu hakiwezi kuwa chako kama hukuwepo."

"Mimi sikuwepo?"

"Kwa maelezo tuliyonayo."

"Nani aliyaandika?"

"Mimi. Lakini yaliyopita si ndwele."

"Ndwele anaijua mgonjwa," Bibi alisema, akaipokea soda, maana kulikuwa na joto. Alipofika nyumbani alimwambia Mafunzo kwamba kinu wakae nacho, yeye anasubiri mwenye kinu.

Jambo liliharibika siku ya watoto wa shule. Mafunzo aliitoa sentensi, na mwalimu wao, kwa bidii ya kazi, akawaambia wairudie. Watoto wote wakaimba kwa pamoja kwamba bonde hili halikuwa na mtu, kwa sauti ile ya kukariri hesabu. Maji yalianza kujikunja. Mafunzo akasikia mdomo wake unasema:

"Hapana, watoto. Lilikuwa na watu. Palikuwa na nyumba na njia ya kwenda kisimani. Babu yangu alikuwa fundi wa milango, na hajatoka."

Maji yakalala. Yalitulia kama shuka iliyotandikwa, na hakikuibuka hata kijiko. Watoto walingoja. Mwalimu akauliza kitu chao kiko wapi, kwani shule imelipia kuona kitu. Meneja alitoka ofisini, akagawa aiskrimu kwa darasa zima, na kwenye karatasi ya tathmini akaandika kwamba mwanafunzi hupenda kuongeza.

Mafunzo alitegemea atapata faraja nyumbani. Akapata mgongo.

"Umembembeleza," Bibi alisema alipokubali kuzungumza. "Umemwambia yupo. Sasa ameridhika, amejilaza huko. Nilikwambia umchokoze, wewe unampa pole."

"Nilichoka kumwambia hayupo."

"Na mimi nimechoka kulala peke yangu. Tuone nani kachoka zaidi."

Ilikuwa kweli kwamba Babu alilala. Siku kadhaa sentensi ilisemwa na maji hayakujibu, foleni ikapungua, Meneja akaanza kuulizia bei ya kanda mpya. Mafunzo aliona aibu mbele ya Bibi, na vilevile alijua kwamba siku ile ya watoto ndiyo siku pekee aliyoipenda sauti yake mwenyewe. Hayo mawili hayakupatana, akaenda nayo kazini hivyo hivyo.

Bibi akachukua mambo mkononi. Kila jioni alimsimamisha Mafunzo katikati ya ukumbi na kumfundisha.

"Unaisema kama unaomba radhi. Iseme kama unafukuza kuku."

"Kabla ya maji, bonde hili halikuwa na mtu."

"Mkono kiunoni. Halikuwa na mtu! Tena uangalie pembeni, kama umeshamsahau. Hilo la kuangaliwa pembeni halivumilii."

Halikuvumilika. Kesho yake Mafunzo aliweka mkono kiunoni, akaangalia pembeni kwenye friji, na kabla hajafika kwenye samaki Babu alirusha meza. Siku hizo alirusha kwa fujo, bila mpango, kama mtu anayetafuta kitu mvunguni: randa, misumari ndani ya kopo, mto wa kulalia, fremu ya dirisha, kengele ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe nyuma yake, ambaye Nahodha alimfunga kwenye nguzo akala vibandiko. Wageni walifurika. Ukiona vyaelea vimeundwa, Meneja alimwambia mtu wa gazeti, na alikuwa na maana kwamba vimeundwa na yeye.

Halafu ukaibuka mlango. Ulipanda taratibu, ubapa, na bawaba zake zote. Ilibidi wageni wawili wamsaidie Nahodha kuutoa. Bibi alipoambiwa aliacha kutafuna.

"Zote? Alizimaliza?"

"Zote, Bibi."

"Basi hana kingine," akasema, na hakula tena jioni ile.

Asubuhi alivaa gauni lake la harusi za watu, akapanga foleni, akakata tiketi kama kila mtu, akasimama mbele kabisa. Mafunzo aliweka mkono kiunoni. Kabla ya maji, alisema, bonde hili halikuwa na mtu.

Maji yalifunguka na Babu akatoka nusu, bisibisi mkononi, maji yakimchuruzika masikioni.

"Nani anasema hakuna mtu?" akauliza.

Nahodha alimnasa kola kwa upondo akamvuta gatini. Wageni walipiga makofi. Babu alikuwa na umri ule ule aliokwenda nao, mwanaume wa makamo mwenye nywele nyeusi tii, mdogo hata kuliko binti yake, yaani mama yake Mafunzo. Aliwatazama watu, akamwona mwanamke mzee mbele yake, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mama, hujambo?"

"Mimi si mama yako," Bibi alisema.

Babu aliijua sauti. Alimkagua uso, mikono, akarudi usoni.

"Nilikwambia utangulie," akasema. "Sikusema uende mbali hivyo."

Bibi alikuwa na maneno ya miaka yote yale, ameyapanga kwa zamu, ya ukali mbele na ya kulia nyuma. Alifungua mdomo, likatoka swali la kama amekula. Kisha akachukua ncha ya mtandio wake akamfuta maji sikioni. Mafunzo alilia waziwazi mbele ya wageni, na jambo hilo nalo liliandikwa kwenye tathmini.

Walipofika getini Meneja alikuwa amewasubiri, na tangazo halikuwa limebadilika.

"Ameopolewa majini," akasema.

"Ni mume wangu."

Meneja aliwatazama mmoja baada ya mwingine, mwanamke na miaka yake, mwanaume na nywele zake. Alifanya hivyo kwa huruma ya kweli.

"Mama yangu," akasema, "najua upweke ni kitu kigumu."

Babu aliwekewa kiti karibu na sanduku la kioo, na beseni chini yake, kwa sababu hakuacha kuchuruzika. Kibandiko kilisema: Mwanaume, asili haijulikani. Alikuwa mtulivu. Aliinamia sanduku, akatafuta nyumba yake kwenye gundi ya bluu, akamwona nzi. Kituo kilipofungwa jioni, Bibi alitolewa nje pamoja na wageni wengine na mlango ukapigwa kufuli. Ilikuwa hivyo siku ile na siku zilizofuata: anakata tiketi, anakaa naye, anatolewa.

Asubuhi moja hakuingia ndani. Alimkabidhi Mafunzo mkoba wake, akavua viatu akavipanga vizuri, akatembea hadi mwisho wa gati, akaingia majini na gauni lake la harusi za watu. Nahodha hakuuliza. Alichukua upondo akamwopoa.

"Haya," Bibi alimwambia Meneja, akikamua pindo. "Mimi sasa ni mali ya nani?"

Meneja alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu hazichagui. Akaleta kiti cha pili. Akamwambia Mafunzo aandike kibandiko kipya cha wote wawili: Mama na mwanawe, asili haijulikani.

"Ni mke na mume," Mafunzo alisema.

"Nikiandika hivyo wataniuliza maswali."

"Na asili inajulikana. Kitambulisho cha Bibi hiki hapa mkobani."

"Mafunzo," Meneja alisema, bila ukali wowote, "bado sijaweka sahihi."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mafunzo, na mjomba wa vocha alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza anarudi lini. Mafunzo aliandika alivyoambiwa, kwa mwandiko mzuri. Bibi alipokisoma alisema kuitwa mali amekubali, asili nayo ashazoea, lakini hili la kuitwa mama yake huyu hatalisamehe. Babu akacheka mpaka beseni likajaa. Hapo ndipo Bibi alipokumbuka maneno yake, akayaanza tangu bawaba ya kwanza, na wageni wakavuta viti karibu kusikiliza. Babu alijibu kila neno. Walioketi karibu walisema hawajawahi kuona wawili wanaogombana kwa raha kama ile.

Siku ya mwisho ya mafunzo, Meneja alisimama nyuma ya ukumbi na karatasi ya alama, kila kitu kimejazwa isipokuwa mahali pa sahihi. Kulikuwa na upepo mkali gatini, hivyo maelezo yakatolewa ndani, mbele ya sanduku la kioo. Mafunzo aliwakaribisha wageni. Akataja urefu wa ukuta. Kisha akasema kwamba kabla ya maji, bonde hili halikuwa na mtu, na safari hii hakuweka mkono kiunoni wala hakuangalia pembeni.

Babu alipapasa kando ya kiti. Hakukuwa na kitu. Kigoda, meza na mlango vyote vilikuwa rafuni, na bisibisi ilitwaliwa kwa usalama wa watoto. Alifikiri kidogo, akainua mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Maswali ni mwishoni, mzee," Meneja alisema kwa adabu.

Babu alikubali kwa kichwa, mkono ukiwa juu. Mafunzo aliwakimbiza samaki. Hakuwahi kuwasema haraka namna ile. Aliruka rangi za mapezi, akaruka chakula chao, ili afike mwishoni kukiwa bado na watu. Alipomaliza akavuta pumzi na kuuliza kama kuna mwenye swali, na Meneja akafungua mlango wa gatini, akatangaza kwamba mashua ziko tayari, anayewahi ndiye anayechagua bata.

Wageni walitoka kwa haraka, wengine wakikimbia. Meneja aliweka sahihi, akaupuliza wino ukauka, akampa Mafunzo karatasi yake na kumtakia maisha mema. Babu alikuwa bado ameinua mkono. Bibi alisogeza kiti chake, akamshikilia kiwiko kwa chini asichoke, na wakakaa hivyo kusubiri kundi la mchana.